Huko kwa dinosaria hakukuwa na unyasi wa kutetemeka

Mhariri,

Naandika barua hii nikiwa chini ya mwembe wangu hapa Koru, kalamu nyekundu bado iko mkononi. Wakati wa likizo, ukurasa wenu wa wanafunzi ulitoa swali la insha: mashine ya wakati imekupeleka zama za dinosaria, ikaharibika, nawe umebaki huko peke yako, simulia. Swali zuri sana. Nimefundisha Kiswahili katika shule za msingi kwa miaka 34 na sikuwahi kuwaza kuwapa watoto kitu kama hicho. Mimi nilikuwa nawapa "Siku Nitakayoikumbuka Maishani", mwaka baada ya mwaka, mpaka siku yenyewe ikachoka kukumbukwa.

Basi nilikata swali lile kwa makasi, nikalibandika kwenye shina la mwembe, nikawaita watoto wa majirani. Walikuja 11. Ukiongeza wajukuu wangu wawili wanaoniita dani, wakawa 13. Niliwapa saa moja na nusu ya kuandika, na uji wa wimbi baadaye.

Watoto 9 kati ya hao 13 walimalizia kwa "kumbe ilikuwa ndoto tu!" Wawili waliokolewa na helikopta ya polisi. Mmoja, msichana ambaye nina hakika siku moja atagombea kiti fulani, aliposwa na mwana wa chifu wa dinosaria, mahari ikatolewa ng'ombe 20, mambo yakaisha salama. Wa 13 nitamrudia.

Nilifikiri ni watoto wangu tu hawa wa mashambani. Jumamosi iliyofuata mkachapisha insha iliyoshinda, na mchoro juu yake. Nimeisoma mara nne. Sarufi yake haina doa, hati imenyooka, methali zimepangwa kama sahani kabatini. Sina ugomvi na mtoto aliyeiandika. Nampa hongera na nawapa hongera wazazi wake. Ugomvi wangu ni na sisi tulioifundisha insha ya namna hiyo, mimi nikiwa mstari wa mbele, na kidogo na ninyi mlioipa alama 38 kwa 40.

Mshindi wenu anasema jogoo wa kwanza alipowika, alifungua macho akajikuta nyikani penye nyasi ndefu. Akasikia mngurumo. Akatetemeka kama unyasi. Akatimua mbio kama duma, miguu niponye, akaparamia mchungwa uliokuwa karibu. Kimya kikatanda kama cha kaburini.

Nyasi gani, Mhariri?

Dinosaria waliochimbuliwa karibu nasi zaidi na kwa wingi ni wale wa Tendaguru, mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania. Waliishi kama miaka milioni 150 iliyopita. Wakati huo duniani hakukuwa na unyasi hata mmoja. Nyasi zilikuja baadaye sana. Huko India zimepatikana chembe zake ndani ya mavi yao yaliyogeuka jiwe, ya kama miaka milioni 66 iliyopita, dinosaria wenyewe wakikaribia kuaga. Kwa hiyo mtoto aliyetua zama za wale wa Lindi hana unyasi wa kutetemeka kama wao. Na jambo hili si dogo kama linavyosikika. Ukisimama mlangoni pangu ukatazama upande wowote, utaona miwa. Na muwa ni unyasi uliojaliwa sukari. Mahindi ni nyasi. Wimbi, mtama, mpunga wa Ahero, ngano ya Uasin Gishu, vyote ni nyasi. Hata paa la nyumba niliyozaliwa lilikuwa nyasi. Toa nyasi duniani, umetoa ugali, uji, mchele, chapati, busaa, sukari ya chai na ng'ombe wa kutoa maziwa ya chai hiyo. Mtoto wa Kenya aliyekaa siku tatu bila ugali hahitaji dinosaria wa kumtisha.

Mchungwa nao haukuwepo. Maua ya kwanza yanayojulikana vizuri yana umri wa kama miaka milioni 130, na pasipo ua hakuna chungwa, embe, pera wala ndizi. Hakuna asali. Kulikuwa na kangaga, zile za chini na zile zenye shina refu kama mnazi ambazo bado zinaota kwenye mabonde yenye maji huko Nandi. Kulikuwa na miti ya jamaa ya podo, ile ambayo mafundi wetu wanapenda mbao zake. Ungeona kijani kila mahali na usipate cha kutia mdomoni. Duma hakuwepo, swara hakuwepo. Na kaburi, Mhariri, ndilo lililonifanya niweke kalamu chini. Kimya kama cha kaburini, mahali ambapo hakujawahi kuchimbwa kaburi hata moja.

Jogoo peke yake ndiye aliyekaribia kuwa sahihi, tena kwa bahati. Ndege wametokana na dinosaria. Mimi ni Mtiriki kwa kuzaliwa, na kwetu kuku ni jambo la heshima. Mgeni akitoka bila kuchinjiwa kuku, ukoo mzima unasemwa. Nimenyonyoa kuku tangu nikiwa na miaka sita. Juzi nilimshika mmoja mguu nikawaonyesha watoto: tazameni magamba haya, tazameni vidole vitatu vya mbele na kucha zake. Kisha nikamwachilia, akamfukuza mjusi uani, kichwa mbele, mkia umenyooka, hana huruma hata chembe. Watoto wakanyamaza. Mmoja akasema, "Kumbe tunakula dinosaria Krismasi." Sentensi hiyo ni bora kuliko ukurasa mzima wa miguu niponye, na hakuna aliyemfundisha.

Sasa mchoro. Mchoraji wenu ameweka mvulana mwenye rungu, nyuma yake ziwa lenye mashua za tanga, kando milima, na juu ya yote yule dinosaria wa sinema mwenye kichwa kikubwa na vijikono vifupi. Naona alitaka watoto wa Kisumu wajione nyumbani. Lakini yule mwenye vijikono ni wa Amerika Kaskazini, na aliishi kati ya miaka milioni 68 na 66 iliyopita. Toa 66 kwenye 150 ya wale wa Lindi, unabaki na 84. Maana yake mnyama huyo yuko karibu zaidi na mimi ninayekuandikia kuliko alivyokuwa karibu na dinosaria wa Lindi. Niliifanya hesabu hii ubaoni mara mbili kwa sababu sikuamini.

Ziwa lenyewe ni la juzi. Ziwa Victoria linakadiriwa kuwa na umri wa miaka 400,000, na zaidi ya miaka 14,000 iliyopita lilikauka kabisa, likarudi. Mlima Tinderet ninaouona kila asubuhi nikitoa kuku ni volkano iliyokuwa ikitema majivu kama miaka milioni 20 iliyopita; kwa dinosaria hiyo ni kesho ya mbali. Elgon haikuwepo. Bonde la Ufa halikuwa limepasuka, kwa hiyo mtoto wa Nakuru asitafute Menengai. Afrika yenyewe ilikuwa bado imeshikana na Amerika Kusini kama pacha. Kitu pekee ambacho mtoto wa Kisumu angekuta ni mwamba wa chini. Mawe ya Kit Mikayi kule Seme ni mwamba wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2, uliokuwa mzee tayari dinosaria wa kwanza alipoanguliwa. Lakini kusimama vile, jiwe juu ya jiwe, ni kazi ya mvua na jua ya baadaye sana. Hata yule mzee wa hadithi aliyelipenda jiwe lile mpaka likaitwa mke wake wa kwanza, angefika huko asimkute mke.

Na usiku? Tulizoea kuwafundisha watoto kwamba aliyepotea atazame nyota. Kilimia, tunachokiimba kwenye methali kwamba kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, ni kundi la nyota changa, umri wake kama miaka milioni 100. Mtoto aliyetua zama za Lindi angetazama juu asikione. Si kwamba kimezama. Hakijazaliwa. Hata saa ya mkono ingemdanganya: mwaka 2020 wanasayansi walichunguza kombe la kale lililopatikana Oman, la miaka milioni 70 iliyopita, wakahesabu mistari yake ya ukuaji kama tunavyohesabu pete za mti, wakakuta siku ilikuwa ya saa 23 na nusu na mwaka ulikuwa na siku 372. Ukirudi nyuma zaidi, siku zinazidi kufupika.

Nimesema dinosaria wa karibu ni wa Lindi. Turkana Kaskazini pia, kwenye milima ya Lapurr, mifupa yao imepatikana. Huku kwetu hatuna. Si kwamba hawakupita; ni kwamba miamba yetu ni ama mikongwe mno kuliko wao, ama michanga mno. Niliwaeleza watoto kwa daftari. Nilichukua la mjukuu wangu, ambalo kurasa za katikati zilichanwa kutengenezewa ndege za karatasi, nikawaambia: hii ndiyo Nyanza na Magharibi. Mwanzo upo, mwisho upo, katikati pamechanwa. Mwenye daftari hakufurahi.

Lakini hizo kurasa za mwisho! Hapa ndipo nalalamika kweli. Majivu ya Tinderet yalifunika wanyama wa kila aina, na watu wametoka mbali kuja kuwachimbua hapa Koru, Songhor na Fort Ternan. Mwaka 1926 mlowezi mmoja aliyekuwa akichimba mawe ya chokaa hapahapa Koru alikuta mifupa, ikapelekwa London, na mwaka 1933 ikatangazwa kuwa ya nyani wa kale ambaye mzungu aliyemtaja alimpa jina Proconsul, kwa utani wa sokwe wa maonyesho aliyeitwa Consul. Fuvu la jamaa yake Mary Leakey alilipata kisiwani Rusinga mwaka 1948. Na kwenye Daraja la Meswa, karibu na Muhoroni, ilitoka mifupa ya mnyama mla nyama ambaye taya lake lilikaa kwenye droo la makumbusho Nairobi kwa miongo kadhaa bila mtu kulijali sana, hadi mwaka 2019 Matthew Borths na Nancy Stevens walipolitangaza. Aliishi kama miaka milioni 22 iliyopita, na kwa ukubwa simba wa leo angeonekana ndama kando yake. Jina lake la kisayansi ni Simbakubwa kutokaafrika.

Nilipolisoma mara ya kwanza nilishika kalamu nyekundu bila kukusudia. Simba mkubwa, jamani. Upatanisho wa kisarufi uko wapi? Na "kutoka Afrika" si neno moja. Isitoshe hakuwa simba wala ndugu wa simba. Lakini nimewasamehe. Mnyama ambaye jina lake dunia nzima inalitamka kwa Kiswahili, alitoka mahali ambapo boda inanifikisha, na hakuna mtoto hata mmoja kati ya 13 aliyewahi kumsikia. Wote wanamjua yule wa Marekani mwenye vijikono.

Vilevile hakuna aliyemsikia Boheti bin Amrani. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru, na wachimbaji walikuwa watu wa huko, mamia yao, msimamizi wao mkuu akiwa huyo Boheti. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa vichwani na mabegani kwa siku kadhaa hadi bandarini Lindi, zikapakiwa melini. Mmoja wa wanyama hao sasa amesimama Berlin, urefu wake kwenda juu zaidi ya mita 13, anaitwa Giraffatitan, ndiyo kusema twiga jitu. Nikamwambia mjukuu wangu: mti wa mwembe huu, weka mwingine juu yake, bado kichwa chake hujakifikia. Akaniuliza nani aliubeba mguu wake. Hilo ndilo swali. Nani aliubeba, alikula nini njiani, alilala wapi, alidhani amebeba nini?

Mwaka 1924 Waingereza nao walikwenda Tendaguru, na kijana mmoja mzaliwa wa Kabete, Louis Leakey, akafuatana nao. Kiongozi wao, William Cutler, alikufa huko mwaka uliofuata. Hakuangukiwa na mfupa wala hakuliwa na kitu. Alikufa kwa malaria. Sisi wa kanda ya ziwa tunaelewa. Watoto wangu karibu wote walikimbizwa na meno. Hakuna aliyeumwa na mbu, ilhali mbu wamepatikana ndani ya kaharabu ya kule Lebanon ya kama miaka milioni 130. Huenda dinosaria wengi waliumwa na mbu, nami naomba mchoraji wenu siku moja atuchoree hilo.

Mkinikubalia, nitawaambia ni nani mtoto wa Kisumu angemtambua huko. Kamongo. Ukoo wa samaki huyu ulikuwepo kabla ya dinosaria wa kwanza, na haujabadilika sana. Marehemu mume wangu alikuwa akimtoa kwenye matope ya Nyando kiangazi, amejikunja ndani ya ute wake uliokauka kama mfuko, anapumua hewa kama wewe na mimi. Nilipoolewa nilikataa kumla. Ana sura ya mtu anayekujua. Baadaye nilizoea. Mtoto aliyeachwa huko akienda mtoni, achimbe tope la pembezoni polepole, akimwangalia mamba kwa jicho la pili maana jamaa za mamba nao walikuwepo, na huenda akakutana na sura hiyo. Mimi nadhani ningemwacha. Ningekaa hapo nimtazame tu, kwa sababu ya nyumbani.

Hapo ndipo insha ilipaswa kuanzia, Mhariri. Nitakueleza kwa nini nasema hivyo.

Mwaka 1966 nilikuwa na miaka tisa. Tulikwenda kuokota kuni msitu wa Kaimosi, wasichana watano, mama mkubwa akituongoza. Niliona mti wa mapera ndani kidogo, nikawaacha wenzangu. Nilipomaliza kula nikageuka, na msitu ukawa umefanana pande zote. Kwanza nilicheka. Kisha nikaita. Kisha nikapiga nduru, ile ya kwetu, mkono mdomoni, ambayo kijijini ukiipiga hata adui yako anatoka na panga kuja kukusaidia kabla hajakumbuka kwamba mmekosana. Niliipiga mpaka koo likauma. Hakuna aliyeitika. Ndege mmoja aliitika, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Sikutimua mbio kama duma. Niliketi. Nywele hazikusimama kama miiba ya nungunungu, zilikuwa zimesukwa. Giza lilipoingia nilianza kuhesabu jedwali la mara saba kwa sauti, kwa kuwa ndilo nililokuwa silijui vizuri na lilichukua muda. Mara saba nane ilinipotea, nikalia kwa sababu ya mara saba nane. Usiku wa manane nilisogea nipate mahali pa kuegemea, mkono wangu ukagusa kisiki. Nilikipapasa juu. Kilikuwa tambarare upande mmoja na mshazari upande wa pili. Kilikatwa kwa panga.

Siwezi kukueleza nilivyokikumbatia kisiki kile. Mtu alikuwa amesimama hapa. Alikuwa na panga, na panga lilikuwa na mpini, na mpini ulichongwa na mtu mwingine. Alikata mti akaenda nao nyumbani, kwa hiyo kulikuwa na nyumbani. Nililala nimekiegemea. Alfajiri nilisikia ngoma ya kanisa, nikaifuata, nikatokea barabarani. Mama alinichapa kwanza, akanikumbatia baadaye, utaratibu wa wakati ule.

Mtoto aliyeachwa zama za Lindi angepapasa visiki milioni asipate cha panga. Watu wa kwanza wa jinsi yetu ni wa kama miaka 300,000 iliyopita. Aliyeachwa miaka milioni 150 nyuma amewatangulia wote, hana hata mfu wa kumlilia. Nduru yake haijakosa mtu wa karibu tu. Imekosa mtu. Sasa mtu huyo unampa "asiyesikia la mkuu huvunjika guu"? Mkuu yupi? Methali ni za watu walioishi pamoja muda mrefu wakaudhiana vya kutosha. Huko hata methali ingekuwa kelele tu.

Nakiri kosa langu. Ni mimi niliyewaandikia watoto ubaoni orodha za tashbihi, wakazikariri kama jedwali, kwa sababu watahini walizipenda nami nilitaka shule yetu ipande. Nilimpa mvulana mmoja miaka ya 90 alama 12 kwa 40 kwa kuwa insha yake haikuwa na methali. Alikuwa ameandika juu ya baiskeli ya baba yake. Mpaka leo nakumbuka rangi ya baiskeli ile na sikumbuki hata sentensi moja ya insha nilizozipa 36. Nilimkuta Muhoroni majuzi, fundi wa matrekta, mvi zimemwingia. Akaniamkia kwa heshima, "Shikamoo, mwalimu." Sikuwa na ujasiri wa kumtajia baiskeli.

Ombi langu ni hili. Rudieni swali lile likizo ijayo. Lakini chini yake wapeni watoto nusu ukurasa wa mambo yenyewe: kwamba hapakuwa na nyasi, kwamba Kilimia hakikuwepo, kwamba kuna mbu, kwamba kuna kamongo. Au msiwapeleke kwa dinosaria hata kidogo. Waacheni hapahapa Koru, miaka milioni 22 nyuma, Simbakubwa yuko ng'ambo ya mto. Na katika maelekezo andikeni kwa herufi kubwa kwamba insha itakayoishia ndotoni haitasomwa.

Sasa yule wa 13. Ni mvulana wa Gredi ya Saba, anaishi na shangazi yake upande wa reli. Hakuwa miongoni mwa niliowaita; alipita akipeleka mbuzi, akaona karatasi kwenye mwembe, akamfunga mbuzi akaomba kalamu. Insha yake haina methali. Ameandika "dainosa" kila mahali. Haina hata mnyama wa kumfukuza, ila mlio mmoja wa mbali ambao hasemi ni wa nini. Anaeleza alivyokusanya mawe akayapanga mstari ili ajue siku, kisha akaona mstari ule umeanza kufanana na njia, akawa kila asubuhi anaufuata kwenda na kurudi ili ionekane kuna mtu anapita. Halafu anapiga nduru. Anasikiliza. Anapiga tena. Inaishia hapo, katikati ya ukurasa wa pili, na nusu ukurasa umebaki mweupe.

Nilimuuliza mbona hakumaliza, muda ulikuwa bado.

Akasema, "Mwalimu, hakuna wa kunijia."

Nilimpa 37. Naambatisha nakala yake, nimeinakili kwa mkono kwa sababu mashine ya kutoa kopi hapa sokoni imekufa. Mkiichapisha, "dainosa" mnaweza kumrekebishia. Hiyo nusu ya ukurasa iacheni wazi vilevile, msiijaze kwa tangazo.

Wenu,
Mwalimu mstaafu,
Koru, Kaunti ya Kisumu